Mzee Mingiedi, aliyeipa likembe sauti ya umeme

Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2015, siku ya Jumatano, mzee Mawangu Mingiedi alifariki mjini Kinshasa akiwa na umri wa miaka 85. Huku kwetu mashariki habari hiyo ilipita kama pikipiki ya usiku: unasikia mlio, unatoka nje, hakuna kitu.

Mimi niliisikia kwenye redio moja ya Kifaransa, nimeiweka dirishani ili ishike vizuri. Nilikuwa kijana, nimetoka tu kwenye mafunzo ya uandishi wa habari, na nilijiona ninajua kila mwanamuziki wa nchi hii, tangu Franco mpaka Fally. Sasa mtangazaji anasema kwamba wapenzi wa muziki wa elektroniki huko Ulaya wanaomboleza mzee mmoja Mkongomani ambaye jina lake sijawahi kulisikia. Halafu wakapiga kipande cha wimbo wake. Nilifikiri redio yangu imeharibika. Nikaipiga kofi mara mbili, sauti ikabaki ileile: inavuma, inakwaruza, inarudia, na katikati ya makelele yale kuna kitu ninachokijua tangu utoto. Ilikuwa likembe. Babu yangu alikuwa nayo, akiipiga jioni nje ya jiko, na sisi watoto tulikuwa tunamwambia atuache tulale.

Ninaandika leo kwa sababu Jumapili moja, si zamani, tulipiga wimbo wa bendi ya mzee huyo, Konono No. 1, mwishoni mwa kipindi cha salamu. Simu ziliingia kuliko siku zote. Mama mmoja aliuliza kama kuna mashine ya kusaga imewashwa ndani ya studio. Kijana mmoja alitaka kujua ni DJ gani wa Afrika Kusini. Kisha akapiga mzee mmoja anayeishi kwa familia iliyompokea baada ya kukimbia kijiji chake, akasema sentensi moja tu: «Hiyo ni likembe, lakini imekasirika.» Tuliahidi kwamba tutaeleza historia yake. Haya basi, ndugu wasikilizaji na wasomaji, deni tunalilipa.

Tuanze na chombo chenyewe. Likembe ni kisanduku kidogo cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake, unavipiga kwa vidole gumba. Kila kabila lina jina lake, kila fundi ana mpangilio wake wa vyuma. Wengi wetu tunadhani ni kitu cha babu zetu tangu mwanzo wa dunia, kwamba kilizaliwa hapahapa kwenye milima yetu. Wachunguzi wa muziki, hasa Gerhard Kubik wa Austria aliyetembea Afrika miaka mingi, wanaonyesha jambo lingine. Likembe ya namna hii, yenye kisanduku, ilitokea upande wa Kongo ya chini, karibu na bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 ilipanda mto pamoja na wapagazi, askari na wafanyakazi waliochukuliwa na Wazungu. Kabla ya reli ya Matadi mpaka Léopoldville kumalizika mwaka 1898, kila mzigo ulipita juu ya kichwa cha mtu. Mtu anayetembea wiki nyingi na mzigo wa mwingine kichwani hawezi kubeba ngoma. Likembe inaingia mfukoni. Ndiyo iliyotembea. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imeshafika kaskazini-mashariki ya nchi, ikavuka mpaka na kuingia Uganda.

Kwa hiyo kile kisanduku cha babu yangu kilikuwa pia kimetoka mbali. Ni chombo cha watu walio njiani, watu waliotolewa kwao bila kuulizwa. Familia zinazotusikiliza zinajua vizuri mtu anabeba nini siku ya kukimbia: sufuria, mtoto, godoro kama lipo, kadi ya uchaguzi. Na kitu kimoja kidogo ambacho hakina faida, lakini huwezi kukiacha.

Mzee Mingiedi alikuwa Mzombo. Wazombo ni watu wa jamii kubwa ya Wakongo, na mpaka uliochorwa na Wareno na Wabelgiji ulipita katikati yao: wengine wako Angola, upande wa Maquela do Zombo, wengine wako kwetu. Vita ya ukombozi ya Angola ilipolipuka mwaka 1961, watu wengi sana wa kaskazini ya Angola walikimbilia Kongo, na wengi wao waliishia katika mitaa ya Léopoldville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Mji ulikuwa unavimba. Kila wiki kuna mgeni, kila parsele inaongezwa chumba cha mabati.

Wazombo walikuwa na muziki wao wa sherehe, mzito, wa kurudiarudia mpaka mtu anapoteza hesabu ya saa. Ulikuwa ukipigwa na kundi la wapuliza pembe za ndovu, kila mmoja akitoa noti yake moja au mbili, na wimbo unatokea katikati yao. Mingiedi aliuhamisha muziki huo kutoka kwenye pembe mpaka kwenye likembe. Kazi nzuri. Lakini Kinshasa ikamletea shida ambayo kijijini haikuwepo.

Shida hiyo ni kelele. Likembe ni chombo cha watu watatu, wanne, wamekaa karibu na moto. Ukiipeleka kwenye mtaa wa Kinshasa, kando ya barabara ya malori, baa mbili zimefungulia rumba kwa nguvu, mama anauza samaki, kanisa la jirani linafanya mkesha, nani atakusikia? Na kazi ya muziki wa Mingiedi haikuwa kumburudisha mtu mmoja sebuleni. Bendi kama yake ilikuwa ikiitwa kwenye harusi, kwenye sherehe, na zaidi kwenye kilio, kile ambacho Kinshasa wanakiita matanga. Matanga hufanyika nje, barabarani, usiku kucha. Marehemu anapewa heshima yake kwa watu wengi na kwa sauti kubwa. Ukoo uliotoka mbali na kuishi katika mji wa wengine unataka mtaa mzima ujue kwamba leo hapa kuna msiba wa watu fulani. Likembe inayonong'ona haiwezi kubeba kazi hiyo.

Fedha ya kununua vyombo vya Ulaya hakuna. Hapo ndipo mzee huyu alifanya jambo linalofanya tumzungumzie leo.

Nitaeleza polepole, maana vijana wengi waliniuliza. Ukichukua sumaku na kuizungushia waya mwembamba wa shaba mara nyingi sana, kisha chuma kikatikisika karibu na sumaku hiyo, ndani ya waya kunazaliwa umeme mdogo unaofuata mtikisiko wa chuma. Chuma kikitikisika haraka, umeme nao unatikisika haraka. Gitaa la umeme linafanya kazi hivyohivyo. Likembe ina vyuma tayari. Kilichokosekana ni sumaku na waya, na vitu hivyo Kinshasa ilikuwa imejaa navyo, ndani ya magari mabovu. Mingiedi na wenzake walitoa sumaku kwenye vipande vya magari, wakatengeneza mikrofoni kwa mbao walizochonga wenyewe, wakaunganisha kila kitu na vipaza sauti vikubwa vya chuma vyenye mdomo kama ua la boga. Inasimuliwa kwamba vipaza sauti vya namna hiyo viliachwa na Wabelgiji, ambao walikuwa wakivitumia kutangazia watu amri. Kama ni kweli, basi ni matumizi mazuri kuliko yale ya kwanza.

Likembe zikawa tatu: moja ya sauti nzito, moja ya katikati, moja ya juu. Kando yake ngoma, masufuria, vipande vya gari vinavyogongwa kama sahani za ngoma ya kizungu, filimbi ya kuita wachezaji. Bendi ikapewa jina refu kama treni: Orchestre Tout Puissant Likembe Konono No. 1. Tuko katika miaka ya 1960 hapo.

Sasa hiyo kelele, ule mkwaruzo ambao mama aliufananisha na mashine ya kusaga. Vifaa vile vya kutengeneza kwa mkono havikuweza kutoa sauti safi. Fundi wa studio angesema ni kasoro, angetafuta kuiondoa. Lakini chukua likembe ya zamani, isiyo na umeme hata kidogo, uitazame vizuri. Nyingi zina pete ndogo za waya zilizovishwa kwenye vyuma ili sauti ivume kama nyuki, na tundu nyuma ya kisanduku ambalo mpigaji analiziba na kulifungua kwa kidole ili sauti ilie. Wazee hawakutaka sauti safi. Walitaka sauti yenye nyuki ndani yake. Mingiedi alipopata mkwaruzo wa umeme hakupata kasoro. Alipata nyuki wengi zaidi. Huyu mzee aliyetupigia simu na kusema likembe imekasirika alielewa kuliko sisi sote wa studio.

Je, huu ni muziki wa elektroniki kweli? Rafiki yangu mmoja wa Bukavu anakataa kabisa. Anasema elektroniki ni kompyuta na kinanda cha kubofya, na hapa kuna mzee na sumaku. Mimi ninamjibu kwa historia ya redio, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mwaka 1944 kijana Mmisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodi ya waya kutoka kituo cha redio mjini Kairo, akaenda kurekodi nyimbo za wanawake katika sherehe ya kutoa pepo, zar, halafu akazibadilisha sauti zile ndani ya studio mpaka zikawa kitu kipya. Miaka minne baadaye, 1948, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alifanya kazi yake na sauti za treni, na vitabu vingi vinaanza hesabu kutoka kwake. Wote wawili walianza na sauti ya kawaida ya dunia, wakaipitisha kwenye umeme ili itoke nyingine. Mingiedi alifanya vilevile, tofauti ni kwamba hakuwa na kituo cha redio nyuma yake. Alikuwa na dampo la magari. Rafiki yangu bado anakataa, na tumeacha hapo.

Mwaka 1978 Mfaransa mmoja, Bernard Treton, alikuwa Kinshasa na mashine ya kurekodi. Alirekodi bendi za mitaani, Konono wakiwa miongoni mwao. Rekodi hizo zilitoka kwenye santuri katika miaka ya 1980 kupitia Ocora, nyumba ya santuri ya redio ya taifa ya Ufaransa. Kipande kimoja kirefu. Basi. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa karibu kila kitu ambacho dunia ya nje ilikuwa nacho kuhusu mzee huyu na kazi yake.

Ninasimama kidogo hapa. Redio ya nje ilikuja, ikakaa, ikasikiliza, ikabeba. Sisemi walituibia. Ninasema tu kwamba mtu aliyekuwa na kinasa sauti alikipeleka mtaani na kubonyeza, wakati wengine waliokuwa karibu zaidi walikuwa wanangoja bendi iwe na suti.

Mbelgiji mmoja mwanamuziki, Vincent Kenis, aliipenda sana rekodi ile na akaitafuta bendi miaka na miaka. Zaire ya wakati huo ilikuwa inaanguka: uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita, Mobutu kuondoka 1997, vita nyingine. Watu walifikiri Konono hawapo tena. Walikuwepo. Mwaka 2000 ulipofika Kenis aliweza kuwapata, Mingiedi akiwa na umri wa kupumzika, na vifaa vyao vikiwa vilevile vya kujitengenezea. Aliwarekodi palepale Kinshasa kwa kompyuta ya mkononi. Albamu ikatoka mwishoni mwa 2004, ikaitwa Congotronics.

Mzee alikuwa na zaidi ya miaka 70. Katika umri ambao wazee wengine wanasubiri mjukuu awaletee maji ya kuoga, yeye alipanda ndege. Vijana wa Ulaya waliokuwa wanacheza tekno usiku kucha waliposikia likembe tatu zinavyozunguka walidhani ni mmoja wao, labda kutoka Berlin. Mwaka 2006 bendi ilipata tuzo ya BBC Radio 3 ya wageni wapya. Mgeni mpya wa miaka 76! Mwaka 2007 Björk wa Iceland aliwaingiza katika wimbo wa kwanza wa albamu yake Volta. Herbie Hancock wa Marekani akawaita kwenye mradi wake wa Imagine, na wimbo huo ukapata Grammy mwaka 2011, Konono wakiwa kati ya waliopiga. Bendi nyingine za Kongo zilifuata mlango huohuo, kama Kasai Allstars. Mengine ya ziara na matamasha nayaacha. Ni mengi na yanafanana.

Ninachotaka kukisemea ni kifo chake.

Mwanamuziki anapokufa, wapenzi wake wanafanya nini? Wanapiga nyimbo zake, wanasimulia mara ya kwanza walipomsikia, wanapeana picha. Kwa Mingiedi hayo yalifanyika, vyombo vya habari vya Ulaya na Marekani vikaandika. Mtu wa Brussels alikuwa na kumbukumbu ya kumlilia. Mtu wa Goma hakuwa nayo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 mwezi wa nne 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, na nchi nzima ikasimama: mwili ukaletwa, viongozi wakapanga mstari, redio zote zikampiga siku nyingi, yetu ikiwa ya kwanza. Tabu Ley naye, aliyefariki Brussels mwishoni mwa 2013, alirudishwa na kuagwa kwa heshima ya taifa. Walistahili, sina neno. Lakini katika majuma yale ya 2015 sikumbuki hata mara moja tulipopiga Konono kwenye redio yetu, na mimi ndiye nilikuwa zamu ya muziki siku nyingi. Sikuwa na wimbo wao hata mmoja kwenye kompyuta. Nilipouliza wakubwa zangu kazini, jibu lilikuwa kwamba huo ni muziki wa matanga, wasikilizaji watazima.

Muziki wa matanga. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha msiba wa watu wasio na kitu unasikika mtaa mzima, siku yake ilipofika nusu ya nchi haikusikia. Mwanawe Augustin Makuntima, aliyeshika likembe baada yake, naye amefariki, mwezi wa kumi 2020. Habari hiyo nayo niliipata kutoka nje.

Hapo kuna jambo langu mwenyewe ambalo lazima niliseme, vinginevyo makala haya yatakuwa ya kulaumu wengine tu.

Mwaka 2024 nilikuwa ninakwenda mara kwa mara kwenye kambi mojawapo kando ya Goma kutengeneza habari: maji, kipindupindu, orodha za chakula, mambo mnayoyajua. Siku moja mvua ilinikamata, nikaingia chini ya bashi la mzee mmoja wa kutoka Masisi. Alikuwa anapiga likembe. Hakuacha kwa sababu ya mgeni. Ilikuwa ya kutengenezwa hapohapo kambini: mwili wake kopo la mafuta ya msaada, uso wake kipande cha ubao, vyuma vyake mbavu za mwavuli zilizopondwa kwa jiwe mpaka zikawa bapa. Vyuma tisa. Mvua ilikuwa inapiga bashi kwa nguvu hivi kwamba nilikuwa ninaona vidole vyake vinakwenda na sisikii kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amelaza sikio juu ya kopo. Nilisogea, nikalaza na mimi langu upande wa pili, tukakaa hivyo, vichwa viwili juu ya kopo moja, kama watu wanaosikiliza simu moja.

Aliniambia wimbo ule ni wa kuzikia. Walipokimbia walizika mtu njiani, usiku, bila kuimba, kwa sababu kuimba kungewauza. Basi anaupiga sasa, kidogo kidogo, kila siku. Nikamuuliza kama ninaweza kumrekodi. Akakubali. Simu yangu ilikuwa na chaji ya asilimia nne. Nikamwambia, mzee, nitarudi Alhamisi.

Alhamisi ile nilitumwa Sake. Iliyofuata nilikuwa na homa. Kwa kuogopa kurudi mikono mitupu nilifanya jambo nililoliona la akili: nilikwenda kwa fundi wetu wa kurekebisha redio, pale sokoni, nikamsimulia habari za Mingiedi na zile sumaku za magari. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia nirudi kesho. Alichukua sumaku ya spika iliyopasuka, akafungua transfoma ya redio mbovu, akatoa waya mwembamba kama unywele, akauzungusha kwa mkono siku mbili. Mara ya kwanza ulikatika. Mara ya pili nao ulikatika, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mara ya tatu akakibandika kifaa chini ya mbavu ya mwavuli iliyobanwa kwenye meza, akaunganisha na redio kubwa ya mteja, akagusa kwa kidole gumba. Soko zima liligeuka. Sauti ilitoka imechafuka, ina mchanga ndani yake, ndefu, haitaki kuisha. Mwuza makaa alikuja kuuliza ni kengele ya nini.

Tulipanga kukipeleka kambini pamoja, na betri ya pikipiki na kipaza sauti kimoja. Tulipanga baada ya sikukuu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ukatufikia, mnajua wote yaliyotokea, na mwezi wa pili kambi zilizozunguka Goma zilibaki tupu. Nilikwenda mahali pale. Niliona vigingi, mawe meusi yaliyokuwa yanashikilia bashi, kiatu kimoja. Majirani zake waliokuwa bado wanafunga mizigo kwenye chukudu walisema ameondoka na watoto wa marehemu dada yake, wengine wakasema upande wa Masisi, wengine wakasema hapana, Minova.

Sitandiki jina lake, kwa sababu sijui kama anataka lijulikane. Lakini yeyote aliyekaa naye atamtambua kwa chombo chake: kopo la mafuta lililopakwa majivu, vyuma tisa, cha tatu kutoka kushoto kifupi kuliko vingine vyote kwa sababu kilivunjika na hakuwa na mwavuli mwingine. Anapiga amelaza sikio. Kama yuko katika familia inayotusikiliza, kama umemwona Minova, Sake, Kitshanga au hata Bukavu, mwambieni yule mtu wa redio aliyesema Alhamisi anamtafuta. Mpigie simu mtangazaji yeyote wa kipindi cha salamu, au mtume dereva wa pikipiki na ujumbe.

Kifaa kiko kwenye droo ya studio, kimefungwa ndani ya kitambaa cha nailoni. Fundi amekiongezea waya wa mita tatu, ili mzee aweze kukaa mlangoni.